Mchumba wa Mkole

Nilirudi Kibaha na diploma ya maabara ya mimea, na sioni sababu ya kuitaja kwa kunong'ona. Niliisomea jioni, baada ya kutwa nzima ya kuosha vyombo vya maabara vya watu wengine, kwa lugha niliyoanza kujifunza nikiwa mtu mzima. Hakuna mjomba aliyenivuta mkono wala mfadhili aliyenilipia. Nyumba yangu ya Mbwawa nimeijenga mwenyewe, kitalu cha miche kilicho mbele yake nimekianzisha mwenyewe, na cheti nimekitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akikaa kochi lolote anakiona. Najua, kwa sababu nimekaa makochi yote kuhakikisha.

Nasema haya mapema kwa kuwa habari ninayotaka kuisimulia inahusu kichaka kimoja cha Gwata, na bila ile diploma kichaka hicho leo kingekuwa majivu.

Huko ughaibuni nilianza kwa kuchuma matunda madogo ya vichaka vya porini, mgongo umepinda kutwa, vidole vimegeuka zambarau. Kutoka hapo nikapata kazi ya usafi katika kituo kimoja cha utafiti wa mimea, na kutoka kwenye ufagio nikapanda hadi kwenye meza ya maabara. Hapo ndipo nilipokutana na barafu. Ile ya nje ya dirisha nilikuwa nimeshaizoea. Nazungumzia barafu ya zamani, ya maelfu ya miaka iliyopita, iliyofunika nchi zile kwa unene wa milima.

Watafiti walizunguka kaskazini mpaka kusini wakileta majani ya vichaka, aina ileile niliyokuwa nikiichuma matunda. Kazi yangu ilikuwa kuyasaga majani hayo, kuyasafisha na kutoa ndani yake vinasaba, yaani yale maandishi ya urithi ambayo kila kiumbe hupewa na wazazi wake. Nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wote pale, waliniambia wenyewe. Na nilipoanza kuelewa picha zilizotokea kwenye kompyuta, niliona jambo lililonishangaza. Vichaka vya kaskazini, hata vikitengana kwa safari ya kutwa nzima ya gari, vilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Vya kusini, vilivyojificha kwenye mabonde ya milimani, vya bonde hili na vya bonde la jirani vilikuwa kama watu wa makabila mawili.

Nilimwuliza mkuu wetu, mama mmoja mrefu mwenye subira. Akanieleza kwamba barafu ilipotanda, vichaka vilikufa kila mahali isipokuwa kwenye vijibonde vichache vya kusini vilivyobaki na joto kidogo. Humo vilikaa muda mrefu mno, kila bonde kivyake, na tofauti zikazidi kuongezeka. Barafu ilipoyeyuka, mbegu chache zilibebwa na ndege kwenda kaskazini, na hizo chache ndizo zilizozaa nchi nzima.

"Kama mafuriko," nikamwambia. "Kijiji kikisombwa, wakapona waliopanda mtumbwi mmoja, basi miaka ikishapita kila utakayemkuta ng'ambo ni mjukuu wa mtumbwi ule."

Alicheka, na baadaye nilimsikia akiutumia mfano wangu mbele ya wanafunzi wake. Nilimwuliza pia kuhusu kwetu, ambako barafu haikuwako ila juu ya milima mirefu. Akasema kwetu ulikuja ukame. Maji mengi ya dunia yaligandia huko kaskazini, mvua za huku zikapungua, misitu ikanywea ikabaki madoadoa pale ambapo vilima hupokea ukungu wa bahari. Papo hapo nikawaza vilima vya Kisarawe, Pugu na Kazimzumbwi, na zile asubuhi za utotoni ambapo nguo iliyoanikwa usiku huikuta imelowa na mvua haikunyesha. Sikumwambia. Niliona ni mali yangu, nikaiweka.

Sasa nije Gwata.

Shangazi yangu, dada wa baba, alizaliwa Vihingo upande wa Kisarawe, akaolewa Gwata. Kwetu sisi Wazaramo, binti akivunja ungo huwekwa ndani akafundwa, na siku ya kumtoa hupelekwa kwenye mkole. Yanayofanyika pale ni yetu sisi wanawake na sitayaandika. Itoshe kusema kwamba mkole ni kichaka cha maua ya njano, na kikizaa huzaa kwelikweli, makole kwenye kila tawi, vitunda vitamu ambavyo kila mtoto wa pwani amevila. Mwali hupelekwa pale ili uzazi wake uwe kama wa mti ule.

Kwa shangazi hapakuwa na mkole. Pori la karibu lilikuwa limeishia kwenye matanuri ya mkaa na mashamba ya mihogo. Kwa hiyo binti yake, binamu yangu, alipokuwa mwali, waliagiza tawi kutoka mkole wa ukoo kule Vihingo, wakalichomeka uani, sherehe ikafanyika ikaisha. Mwaka ule masika yalinyesha vizuri. Tawi likashika, likawa kichaka, watu wakasema hiyo ni baraka. Tangu hapo kila jirani aliyekuwa na mwali alikuja kukata tawi kwa shangazi, na ya baadhi yao nayo yakashika.

Niliyapata hayo kwa simu nikiwa mbali, nikayafurahia. Niliporudi nikakuta furaha imekwisha. Mkole wa shangazi ulitoa maua kila msimu mpaka uani pakawa njano, lakini haukuwahi kuzaa hata kole moja. Na binamu yangu alikuwa na miaka mingi ndani ya ndoa, naye hakuwa na mtoto.

Nilifika siku moja mwanzoni mwa vuli na kigari changu cha mizigo. Niliwakuta uani: shangazi kwenye mkeka akichambua mbaazi, binamu akipepeta mchele, na mama mkwe wa binamu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya njia, amekaa kwenye kigoda. Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye mkole.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Na mimi huniamkii?" binamu akadakia. "Au huko baridi ilikula adabu?"

"Nikuamkie una nini? Umri tumelingana, na cheti huna."

"Haya, cheti kimeshaingia. Hata kukaa hajakaa!"

Mimi na yeye ni watani tangu utotoni, kama ilivyo kwa mabinamu. Lakini mama mkwe wake hakucheka.

"Afadhali umekuja wewe uliyesoma," akaniambia. "Mwambie shangazi yako. Mti huu hauzai. Na likizo ya Desemba anataka kumtolea mjukuu wake, binti wa mwanawe mkubwa, hapahapa. Aliyetolewa hapa wa kwanza si huyu tunamwona?"

Binamu aliinamisha uso kwenye ungo.

"Mbona mabinti wa majirani wametolewa kwa matawi ya mti huuhuu na wana watoto?" akauliza shangazi.

"Hao walichomekewa ya kuazima. Shina ni la huyu. Lilishika kwa jina lake." Kisha akashusha sauti, na nilisikia kwamba haikuwa sauti ya ugomvi. "Mwenzangu, mimi simchukii mkwe wangu. Nikiumwa ananiogesha, binti wa kunizaa asingenifanyia zaidi. Lakini nina mwana mmoja tu duniani. Tuung'oe, tuuchome, tulete mwingine. Labda jambo litafunguka."

"Ukiuchoma huu umemchoma mwanangu," shangazi akajibu. "Kila atakayepita hapo njiani atasema, hata mti wake ilibidi uchomwe. Ataishi vipi na neno hilo?"

Hawakugombana tena. Ilionekana maneno yaleyale yalishasemwa mara nyingi. Nikasema, "Nipeni mpaka Desemba."

"Utaupa dawa?" akauliza mama mkwe.

"Kwanza niuangalie."

Niliangalia kwa namna nilivyofundishwa, bila haraka. Nyuki walikuwepo wengi. Maua yalikuwa mazima na chavua, ule unga wa njano, ilikuwa tele mpaka ikanishika vidoleni. Mti haukuwa na ugonjwa. Kitu kimoja tu kilinivutia: majani yake yalikuwa na ncha iliyopinda upande, kama kidole kilichovunjika zamani kikaunga vibaya. Nikatoka kwenda kwa majirani kuiona mikole yao. Jani lilelile, ncha ileile iliyopinda, maua yaleyale yaliyofunguka siku ileile, na makole hakuna. Kila nyumba niliuliza mti umetoka wapi, na kila nyumba jibu lilikuwa moja: kwa shangazi yako.

Nikiwa njiani kurudi nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu. Mama wa watu aliyekuwa akipita na kuni akanisabahi kwa wasiwasi. Ilikuwa kama picha za kwenye kompyuta zimeshuka Gwata. Kipande kizima cha kijiji kilikuwa na mkole mmoja tu wenye miili mingi. Tawi ukilichomeka halizai mti mpya. Ni mti uleule umehamia mahali pengine. Na ipo mimea inayoikataa chavua yake yenyewe. Lile ambalo barafu ililifanya kule kaskazini kwa maelfu ya miaka, wanawake wa Gwata walilifanya kwa sherehe zao chache, na kwa nia njema, kwa sababu kila mmoja alitaka tawi la ule wenye baraka.

Nilirudi nikawaeleza. Sikutumia maneno makubwa, ingawa ninayo. Niliwaambia habari za ukame wa kale, namna mikole ya mabondeni huenda ilikauka, ile ya vilimani Kisarawe ikapona kwa ukungu na kubaki na damu nyingi tofauti. Niliwaambia mti huu una maua, una nyuki, una afya, lakini kila mkole unaouzunguka ni yeye mwenyewe.

Shangazi aliacha mbaazi.

"Yaani umezungukwa na ndugu wa kuzaliwa," akasema.

"Zaidi ya ndugu, shangazi."

"Na mti unakataa kuolewa na nduguye."

"Unakataa."

"Basi una adabu kushinda watu wengine ninaowajua," binamu akasema, na hapo hata mama mkwe wake akacheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza akafuta macho kwa upande wa khanga. "Haya msomi. Kama tatizo ni mchumba, mletee mchumba. Mwali akitoka na mti huu hauna kitu, mimi mwenyewe nitashika jembe."

Tulikwenda Vihingo mimi na binamu, kwa njia ya Mlandizi na Mzenga. Njia ile ina mashimo, na mashimo huwafanya watu wazungumze. Tulianza kwa matusi yetu ya kawaida, yeye akiniita Mzungu wa kuungua jikoni, mimi nikimwambia ashukuru kubebwa na gari la msomi. Tulipoiacha Mzenga akasema, huku akiangalia dirishani:

"Mimi nimeshapimwa, unajua."

"Wapi?"

"Hospitali. Nilikwenda peke yangu, nikasema naenda sokoni. Wakaniambia mimi sina tatizo. Wakaniambia nimlete mwenzangu."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Si mtu mbaya mume wangu, unamjua. Hajawahi kuninyanyulia sauti. Alikaa kimya siku mbili tatu, halafu akasema, lakini mama anasema ni mkole. Tangu hapo nikilianzisha, anasema mkole. Mama yake akiulizwa, mkole. Mganga mkole, jirani mkole." Akageuka kunitazama. "Umeshanyweshwa mizizi wewe? Chungu, asubuhi, kabla ya chai, huku unajua huumwi?"

Nilipunguza mwendo, kama vile mwendo ndio uliokuwa ukimwumiza.

Kule Vihingo mkole wa ukoo uko nyuma ya nyumba ya baba yangu mdogo, pembezoni mwa pori, na msimamizi wake ni mama mdogo, mkewe. Hukati tawi bila kumwambia unalipeleka wapi. Tulimweleza yote. Alisikiliza huku akikuna nazi, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mnamtaka bwana harusi?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Huyu wa ukoo hafai. Huyu ndiye mama yao, si ndiye aliyetoa tawi lile? Ingieni ndani zaidi, mkaangalie mingine."

Nakiri nilikuwa karibu kulisema hilo mwenyewe, akanitangulia kwa pumzi moja. Tukaingia porini. Na pale, kwenye mteremko usiofika ukubwa wa uwanja wa mpira, niliona nilichokuwa nikikitoa kwa mashine miaka yote ile. Mkole mmoja ulikuwa na majani mapana yenye malaika kama shavu la mtoto. Wa pili yalikuwa membamba na laini. Mwingine maua yake yalikuwa makubwa, mwingine yalikuwa bado vitumba, mwingine yalishadondoka na makole mabichi yameanza. Kila mmoja na sura yake. Sina maabara ya kuthibitisha mikole hii ilipita njia gani zama za barafu, na mtu wa sayansi hadanganyi. Lakini nilisimama pale, mimi niliyetoka kwenye ufagio nikafika kwenye meza, nikajua ninachokitazama. Binamu alikuwa akichuma makole mabivu ya mti uliowahi kuzaa na kuyatia mdomoni mfululizo.

"Unalia?" akaniuliza huku anatafuna.

"Vumbi."

"Mvua imenyesha jana, vumbi limetoka wapi?"

Tulikata matawi yenye maua saa sita mchana, tukayalaza nyuma ya gari, tukaondoka. Nilikuwa nimezoea majani; jani ukilitia kwenye pakiti na kulikausha linavuka mipaka ya nchi. Maua ni jambo jingine. Tulipofika Mlandizi nyuma kulikuwa na vijiti vitupu na zulia la njano. Binamu aliangalia, akaniangalia, akasema, "Mchumba kanyonyoka njiani." Ilibidi tusimame kando ya barabara tumalize kucheka ndipo tuendelee.

Safari ya pili nilijipanga kama ninavyojipanga kwenye kazi yangu. Tulilala Vihingo. Alfajiri, umande bado haujakauka, tulikata matawi ya mikole mitatu tofauti, yenye vitumba vilivyokuwa tayari kufunguka, tukayasimamisha kwenye ndoo za maji na kuyafunika kwa khanga zilizoloweshwa. Mama mdogo akasema bwana harusi haondoki kimya kimya, akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka nje kuuliza nani anaolewa. "Mti," akajibiwa, akarudi ndani.

Binamu alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma ya gari juu ya gunia, amezikumbatia ndoo kwa miguu na mikono, na kila shimo nilisikia akipiga kelele: "Polepole, dereva! Unabeba mkwe wa watu!"

Sijui nani aliwapa habari wanawake wa Gwata. Tulipoingia uani walikuwa wamejaa, na mmoja alikuwa na ngoma. Walitaka kujua yupi kati ya wale watatu ndiye mume. Nikasema wote. Kelele zilizopigwa hapo siwezi kuziandika kwenye kitabu kitakachosomwa na wakwe zangu. Shangazi alinyoosha mikono kuwatuliza, akamimina maji kidogo kwenye shina la mkole wake, akasema maneno ya chini ambayo sikuyasikia yote. Kisha nilizining'iniza ndoo katikati ya kichaka, maua ya Vihingo yakichanganyika na maua ya Gwata, na kabla sijashuka kwenye kigoda nyuki walikuwa wameshaanza kwenda huku na kule wakiwa wamepakaa njano. Mimi sikufanya tena kitu. Nilikaa kwenye mkeka nikanywa chai.

Nilikwenda kubadilisha maji kila nilipopata nafasi, na mara mbili nilileta matawi mapya. Sikulala vizuri wiki zile, naandika ukweli. Diploma yangu ilikuwa imening'inia pale pamoja na zile ndoo, na kijiji kizima kilijua. Lakini kilichoniamsha hasa ni ile sauti ya binamu garini: kabla ya chai, huku unajua huumwi.

Desemba ilipokaribia na mwali ameshawekwa ndani, shangazi alinipigia simu. Hakusalimu.

"Njoo uone," akasema, akakata.

Nilipofika mama mkwe alikuwa ameshasimama kwenye mkole, amelivuta tawi karibu na macho yake kwa sababu haoni vizuri. Maua yalikuwa yamedondoka, na mahali pake, kwenye vikonyo vingi kuliko nilivyothubutu kutarajia, kulikuwa na makole mabichi, magumu, ya kijani. Alichuma moja akaling'ata, akatema.

"Chachu," akasema.

"Bado bichi hilo, mwenzangu," akasema shangazi. "Lakini limeshika."

"Limeshika." Alilishika tawi muda mrefu. Nilidhani atafurahi, na nadhani alifurahi, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika mwisho wa njia aliyoizoea. Binamu alikuwa mlangoni, hakusogea. Nilitaka kusema kwamba mti ni mti na mtu ni mtu, kwamba makole hayathibitishi lolote kuhusu nyumba ya mtu. Nilifungua mdomo. Shangazi alinigusa goti, nikaufunga.

"Mti ulikuwa mzima siku zote," shangazi akasema taratibu, kama anayeongea na mbaazi zake. "Ila haukuwa wa kuzaa peke yake. Tulikuwa tunautazama wenyewe tu, hatukuwahi kuuliza habari za mwenziwe."

Mama mkwe alisikia. Ni mwanamke mwenye akili, na hakujifanya hakuelewa. Alikaa kwenye kigoda. Akamwangalia binamu pale mlangoni, akamwita, "Mama, njoo ukae hapa," naye akaja akakaa chini karibu na miguu yake. Kisha akapaza sauti kuvuka njia, ambako mwanawe alikuwa akitengeneza wigo wa kuku.

"Baba! Hebu njoo!"

Alikuja na nyundo mkononi, mwanamume mpole, mrefu, anayetembea kama anayeomba radhi kwa urefu wake. Aliyaona makole. Akatuona sisi wanawake wote tukimtazama, akaishusha nyundo.

"Mti umezaa," mama yake akamwambia.

"Naona, mama. Alhamdulillahi."

"Basi hakuna tena mkole wa kusingiziwa. Si na wewe, si na mimi. Kesho gari ya shemeji yako inarudi Kibaha. Panda wewe na mkeo, muende hospitali."

"Na mimi?"

"Na wewe, baba."

Nilidhani atasema ana kazi ya wigo. Binamu yangu hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika ncha ya khanga ya mama mkwe wake kama mtoto aliyeogopa kupotea sokoni. Mume wake alimwangalia pale chini, na nadhani ndipo alipoona ni kwa muda gani amekuwa akimwangalia bila kumwona.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Mapema," nikasema. "Kabla ya jua."

Pale uani, kando ya mkole wa shangazi, sasa pana miche niliyoiotesha kwenye kitalu changu kwa mbegu za Vihingo, na majirani wameshachukua ya kwao, kila nyumba mche wa mzazi tofauti. Mimi ndiye niliyewagawia na mimi ndiye niliyewakataza kubadilishana. Mwali alitolewa Desemba ileile, chini ya makole yaliyoanza kugeuka rangi. Nilikuwepo, na nilicheza.

Lakini ile asubuhi ya hospitali ilitangulia. Tulisafiri watatu tumebanana mbele, yeye shemeji dirishani, goti lake limegusa mlango. Tulianza kuiona mitaa ya Kibaha.

"Nilikuwa naogopa," akasema. Hakusema anamwambia nani.

"Najua," binamu akajibu. "Hata mimi niliogopa. Nilikwenda hivyohivyo."

Niliwashusha nikatafuta pa kuegesha gari. Nilipowafikia ndani walikuwa wameshafika kwenye dirisha la mapokezi, shemeji mbele, mkewe nyuma yake kidogo. Muuguzi aliuliza bila kuinua macho mgonjwa ni nani kati yao. Binamu alianza kusogea mbele, kwa mazoea. Mumewe akamzuia kwa mkono, polepole, akainama ili mdomo wake ufikie kile kidirisha.

"Tumekuja wote wawili," akasema.